Rili ya zamani imeota kutu? Weka msasa chini kwanza

Mtu akipata rili ya zamani, kile kifaa cha kukunjia mshipi, zile za kampuni ya Penn aina ya Senator nyeusi za kuvulia samaki wakubwa ambazo ukizunguka Malindi na Watamu hukosi kuziona kwa wazee wa boti, mbio mbio anachukua msasa. Tulia kwanza. Senator imeanza kutengenezwa Marekani 1936, ndani kuna shaba iliyochanganywa na zinki, kuna chuma, na zile sahani za pembeni kwa za kale ni bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, sasa ukizitia zote beseni moja la siki umeua rili.

Fungua taratibu huku unapiga picha kwa simu kila hatua, maana kuna vispringi viwili vidogo chini ya klachi, ile ya kuachia na kushika spuli inayobeba mshipi, vikiruka ndio basi tena, utavitafuta mpaka kesho. Skrubu ikigoma usishindane nayo, bakelaiti haipindi, inapasuka. Tia mafuta ya kulegeza, iache ilale, asubuhi tumia bisibisi inayojaa mfereji sawasawa, ile inayochezacheza ndio inakula vichwa.

Halafu chukua sumaku. Kinachonata ni chuma, weka kando. Shaba yenye ukoga wa kijani ndio iingie kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika kumi hivi, toa, sugua na mswaki mkuukuu. Usiisahau humo ukaenda kula pilau la watu, siki inanyonya zinki shaba ikabaki rangi ya pinki na nguvu imepungua. Na ukichanganya na chuma, shaba iliyoyeyuka inahamia kwenye skrubu zako zinatoka nyekundunyekundu, wee! Ukimaliza suuza na maji yenye magadi kidogo, kausha vizuri, paka grisi ya boti.

Kromu iliyobanduka haina dawa ya nyumbani. Wengine watakwambia peleka ikapakwe upya, haya, ila kwa hela hiyo mara nyingi unapata rili nyingine. Mimi natoa kijani tu, napaka nta, makovu yabaki.

Mshipi wa zamani toa wote mpaka spuli ionekane, chumvi inajificha hapo chini miaka na miaka. Washa za breki, vile visahani vyembamba vya kukaza mshipi usitoke ovyo, zikiwa ngumu usihangaike nazo, tia mpya za kaboni. Na ukitoka baharini suuza na maji ya kumwagia polepole, sio presha ya bomba, presha inasukuma chumvi ndani kabisa, kisha legeza breki ndio uiweke kabatini.