Kerala kukoje? Jibu kwa anayempeleka mdogo wake kusoma Kochi

Ndugu, umeuliza kama Kerala ni ile India ya kwenye filamu, watu wake wanaishi kwa kazi gani, na kuna nini cha kutembelea. Nimesomea huko kabla ya kurudi hapa Bukavu, basi nikujibu kwa nilivyoona.

Filamu zisahau. Hata Kihindi hakitamfaa sana mdogo wako: huko ni Kimalayalam, na Kiingereza chuoni. Kerala ni jimbo jembamba la kusini-magharibi, bahari upande mmoja, milima ya Ghats upande wa pili. Asubuhi unatoka jasho Kochi, mji wa pwani, jioni uko Munnar kwenye mashamba ya chai unatafuta sweta. Munnar mtu wa Bukavu hashangai: baridi yetu, vilima vyetu, isipokuwa mlima Anamudi wa mita 2,695 umekusimamia hapo juu.

Kuhusu uchumi, wengi hudhani ni viungo na watalii. Pilipili manga, iliki, mpira na nazi vipo kweli. Pilipili hiyo ndiyo iliyomvuta Vasco da Gama mwaka 1498. Lakini zile nyumba kubwa za vijijini zimejengwa kwa pesa wanayotuma wenyeji wanaofanya kazi Ghuba: Dubai, Saudia, Katari, Kuwait. Viwanda vikubwa si vingi. Wanachopeleka nje ni watu waliosoma, wauguzi hasa. Sensa ya 2011 ilikuta karibu 94% wanajua kusoma na kuandika. Sisi Wakongo wenye dhahabu na koltani (madini ya simu)... tuache, huo ni uzi mwingine.

Matembezi: nyavu za Kichina za kuvulia samaki za Fort Kochi, picha moja yatosha. Boti za kulala za Alappuzha ni ghali, awaachie watalii. Apande boti ya abiria ya serikali kutoka Alappuzha hadi Kottayam, nauli ndogo kabisa, inapita Kuttanad, mahali mpunga unalimwa chini ya usawa wa bahari. Unakaa kwenye boti, shamba unaliangalia kwa chini, limezuiwa na tuta la udongo tu.

Mvua kubwa huanza mwanzoni mwa Juni, na si za mchezo: mafuriko ya Agosti 2018 yalifunga uwanja wa ndege wa Kochi karibu wiki mbili.

Chakula kisimtishe. Mihogo ya kuchemsha ipo, kwa mchuzi wa samaki wenye pilipili kali. Sombe (kisamvu) ndiyo asitegemee. Mihogo wanalima, majani hawana habari nayo. Akiomba kwa jirani watampa bure, ila kinu atajua mwenyewe.