Mashine ya kukatakata karatasi na diski za zamani: vinatosha?

Swali: Kampuni yetu inahama. Tuna makabati ya mikataba ya wafanyakazi, hati za mishahara na ankara za miaka mingi, pamoja na kompyuta kadhaa tunazokusudia kuziuza. Tunayo mashine inayokata karatasi kuwa vipande virefu kama utepe, na fundi wetu anasema diski atazifomati tu. Je, hilo linatosha?

Jibu: Kabla ya kuwasha mashine, tengeni kwanza nyaraka ambazo sheria bado inawataka mzitunze, pamoja na zote zinazohusiana na kesi, ukaguzi au madai yanayoendelea. Kuharibu hati ambayo mahakama itaidai kesho kunaweza kuwaletea matatizo makubwa kuliko siri yenyewe kuvuja.

Kwa zilizobaki, mashine yenu haifai. Karatasi ya A4 ikikatwa kwa upana wa milimita 6 hutoa vipande 35 tu, na ikiwa imeingizwa ubavu, visu hufuata mistari ya maandishi, hivyo kipande kimoja kinaweza kubeba jina la mfanyakazi na mshahara wake bila kukatika popote. Isitoshe, vipande vya karatasi moja huangukia pamoja kwenye mfuko. Ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipotekwa mwaka 1979, nyaraka zilizokatwa kwa namna hiyo ziliunganishwa upya kwa mkono na hatimaye zikachapishwa vitabuni.

Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 21964, kilichotokana na kile cha Ujerumani cha DIN 66399, kinagawa ukataji wa karatasi katika madaraja saba, P-1 hadi P-7. Kwa taarifa za watu na mishahara, mimi sishuki chini ya P-4, ambapo kipande hakizidi milimita za mraba 160, yaani A4 moja hutoka vipande 390 hivi kwa uchache. Daraja la P-5 linataka kipande kisichozidi milimita za mraba 30, na hilo ningeliweka kwa mikataba nyeti. Ankara za kawaida zisizo na taarifa za mtu hazihitaji gharama hiyo.

Kwenye diski ndiko wengi huteleza. Kufomati kwa haraka hufuta orodha inayoonyesha mafaili yalipo, lakini mafaili yenyewe hubaki, na programu za kuyarejesha hupatikana kwa urahisi. Diski ya sumaku inayofanya kazi husafishwa kwa kuandika data nyingine juu ya eneo lake lote. Kwa diski za kisasa, mara moja kwa kawaida inatosha, mradi matokeo yakaguliwe. Diski za SSD, zinazohifadhi data kwenye chipu badala ya sahani za sumaku, ni habari nyingine: kidhibiti chake, yaani chipu inayoongoza diski, husambaza maandishi na kutunza maeneo ya akiba ambayo mfumo wa kompyuta hauyaoni, kwa hiyo kuandika juu yake hakugusi kila kitu. Tumieni amri ya ufutaji iliyowekwa na mtengenezaji. Kama data ilisimbwa tangu siku ya kwanza, yaani iligeuzwa isisomeke bila ufunguo wa siri, kuharibu ufunguo wake na nakala zake zote kunatosha. Sumaku kali, ambayo baadhi ya mafundi huitegemea, haina athari kwa SSD wala flashi, kwa sababu data yake haikuhifadhiwa kwa sumaku. Diski iliyokufa isiyoitikia amri yoyote isiuzwe, isagwe.

Mkiajiri kampuni ya nje, msikabidhi magunia yaliyo wazi. Takeni masanduku yenye kufuli, mtu wenu ashuhudie usagaji, na cheti kitaje namba ya kila diski; cheti kinachosema tu kwamba "vifaa vimeharibiwa" hakiwasaidii siku mtakapoulizwa diski fulani ilikwenda wapi.

Msisahau mashine ya fotokopi. Nyingi za ofisini zina diski ndani ambayo huweza kubaki na picha za kurasa zilizopita humo, na kama ni ya kukodi, diski hiyo ishughulikiwe kabla mwenye mashine hajaja kuichukua.