Maswali ya wasomaji: Mikutano ya wanaoacha pombe

SWALI: Nataka kuacha pombe. Nasikia kuna mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe) ila sijui inafanyika wapi, na naogopa kukutana na mtu anayenifahamu. Nisipozimua asubuhi, mikono hutetemeka. Nianzie wapi? — Msomaji, Thika

JIBU: Anzia hospitali, kwa sababu ya hiyo mikono. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kushikwa na degedege kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka, huona vitu visivyokuwepo na kupanda joto, na hali hiyo huua. Daktari anaweza kukupa dawa ya kutuliza inayopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huwa wamepungukiwa. Mtajie kiasi halisi unachokunywa, chang'aa ikiwemo. Ukipunguza hesabu kwa aibu, dozi nayo itapungua. Na usijinunulie diazepamu dukani: ikikutana na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Ukishatulia, piga 1192, namba isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize vikundi vilivyo karibu nawe. Programu ya simu iitwayo Meeting Guide nayo huonyesha mikutano kwa ramani. Lakini usipande matatu kabla ya kuongea na mtu wa kikundi, maana vikundi huhama ukumbi na anwani ya zamani ikabaki mtandaoni. Wengi huishia kwenye mlango uliofungwa, wakarudi nyumbani kupitia baa. Uliza siku na saa, mlango gani, lugha inayotumika, na kama mkutano ni wa wazi au wa ndani. Wa wazi huingia yeyote. Wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe tu. Wewe unaruhusiwa kote kuwili, kwani sharti la uanachama ni moja: kutaka kuacha kunywa. Ikiwezekana chagua mkutano wa saa ile ambayo kwa kawaida ungekuwa umeshika glasi.

Ndani utakaa saa moja hadi moja na nusu. Mwenyekiti hufungua, hatua 12 za AA za kuachana na pombe husomwa, kisha watu huzungumza kwa zamu bila kukatizwa wala kujibiwa. Zamu yako ikifika, "leo nasikiliza tu" inatosha. Kikapu cha mchango kikipita, mgeni halazimiki kutoa chochote. Utambulisho ni kwa jina moja. Atakayekutambua humo kwa kawaida amefuata lile lile lililokuleta, na naye hataki litangazwe.

Siri huvuja zaidi kwenye WhatsApp: ukiingia kundi la wanachama, namba yako huonekana na wote, na picha pia usipoificha. Chukua kwanza namba za watu wawili watatu tu, wa jinsia yako.

Fika dakika 10 mapema na usikimbie mwishoni. Mazungumzo ya chai baada ya kufunga ndiyo yanayokupa mtu wa kumpigia Ijumaa ya mshahara. Kikundi cha kwanza kisipokukaa, jaribu kingine. Hudhuria mara sita hivi kabla ya kuhukumu. Anayekuomba mkopo wiki ya kwanza mkatalie, hilo si sehemu ya AA.

SWALI: Mimi ni Mwislamu. Mkutano wa karibu uko kwenye ukumbi wa kanisa. Niende? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Nenda. Kwa kawaida kikundi huwa mpangaji tu; AA haifungamani na dini yoyote. Hatua zinamtaja Mungu "kama tunavyomwelewa" na tafsiri ni yako. Vikundi vingi hufunga kwa sala fupi ya kuomba utulivu. Ukitaka, simama kimya.

SWALI: Mume wangu hataki kusikia habari ya mikutano. Nimemlipia madeni ya baa mpaka nimechoka. Nimfanyeje? — Mama wa watoto wawili, Arusha

JIBU: Acha kulipa, dada, na acha kumpigia bosi wake simu kusema anaumwa. Deni likikaa mikononi mwake ndipo analiona. Ongea naye asubuhi akiwa hajalewa, kwa sentensi mbili: namba ya kikundi hii hapa, nami nitakusindikiza hadi mlangoni. Usimvute kwa nguvu. Akikupiga, toka na watoto kwanza, mengine baadaye.

Wewe mwenyewe unayo mikutano yako: Al-Anon, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi. Huhitaji ruhusa yake wala yeye kuacha kunywa. Palipo mbali na kikundi, ingia kwa njia ya mtandao: zima video ili bando lidumu, na badilisha jina kabla ya kuingia, maana Zoom huweza kuonyesha jina lako kamili. Angalia saa pia. Mkutano ulioandikwa 18:00 UTC (saa ya kimataifa) kwako ni saa tatu usiku. Ulioandikwa saa mbili usiku ya New York utakuamsha saa tisa usiku, na kuanzia Novemba hadi Machi saa kumi alfajiri.