Maswali ya Wasomaji: Kunena kwa Lugha Kulianzia Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa Kilutheri, mkazi wa Kimara. Binti yangu ameokoka na anasali katika kanisa la Kipentekoste, na kila akirudi kutoka kwenye mkesha wa Ijumaa tunaishia kubishana mezani. Yeye anasema kunena kwa lugha, yaani kutamka katika sala maneno ambayo msemaji hakujifunza, kulianza Yerusalemu siku ya Pentekoste na hakujawahi kukoma. Mzee mmoja wa usharika wetu anasema kulianza Marekani mwaka 1906. Shemeji yangu, ambaye ni mwalimu wa historia, anasema Wakristo wa kwanza waliiga makuhani wa kike wa Ugiriki. Nani kati yao anasema kweli?

JIBU: Shikamoo, mama. Wahenga walituonya tusigombanie fito ilhali nyumba tunayojenga ni moja, lakini mezani kwako mambo ni kinyume: fito wanazogombania ni zilezile, ila nyumba ni tatu. Binti yako anazungumzia tukio, mzee anazungumzia fundisho, na shemeji anazungumzia desturi ya mji wa Korintho.

Tuanze na Korintho, kwa sababu maandishi ya zamani zaidi tuliyo nayo juu ya jambo hili si kitabu cha Matendo ya Mitume, kama wengi wanavyodhani, bali ni Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ambao Paulo aliuandika akiwa Efeso yapata mwaka 54 au 55. Matendo, kwa hesabu ya wanazuoni wengi, kiliandikwa miongo kadhaa baada ya hapo, ingawa tukio kinalosimulia ni la yapata mwaka 30. Ukisoma maandiko haya mawili kwa mpangilio huo, unagundua kwamba hayaelezi kitu kimoja. Kwa Luka, anayehesabiwa kuwa mwandishi wa Matendo, wageni waliofika Yerusalemu, Waparthi, Wamedi, Waelami na wengineo, kila mmoja anasikia lugha aliyozaliwa nayo, na mkalimani hahitajiki. Kwa Paulo, anayenena hasemi na watu bali na Mungu, wala hakuna anayemwelewa. Ndiyo maana anaagiza wanene wawili, au wakizidi sana watatu, tena kwa zamu, na awepo mwenye kufasiri, na asipokuwepo basi mnenaji anyamaze. Anawaonya hata kwamba mgeni akiingia na kuwakuta wote wananena kwa pamoja, atasema wana wazimu.

Hata hivyo, Luka mwenyewe ameacha kidokezo kimoja kinachowasumbua wafafanuzi. Baadhi ya watu pale Yerusalemu walidhihaki wakisema, "Wamelewa kwa mvinyo mpya." Mtu anayesikia lugha yake ikizungumzwa vizuri hamdhanii msemaji kuwa mlevi. Kwa hiyo wapo wanazuoni wanaosema kwamba chini ya simulizi ya Luka kuna jambo linalofanana na lile la Korintho, ambalo yeye alilieleza upya kama muujiza wa lugha za mataifa. Wengine wanajibu kwamba waliodhihaki ni wale tu ambao hawakuijua lugha iliyokuwa ikisemwa karibu nao. Mimi naona hoja ya kwanza ina uzito, ingawa haitoshi kufunga mjadala. (Petro anajitetea kwamba ni saa tatu ya mchana tu, na hapo Kiswahili chetu kina bahati, kwani saa ya Petro na saa ya Kimara ni ileile.)

Lugha ya tafsiri nayo imechangia ubishi huu, na ningependa ulifanyie jaribio jambo hili nyumbani. Chukua Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952 ambayo huenda ndiyo iliyopo kabatini kwako, ufungue Matendo sura ya 2. Katika mstari wa 3 utakuta "ndimi" za moto, na katika mstari wa 4 utakuta "lugha" nyingine. Katika Kigiriki neno ni moja tu, *glossa*, ambalo ni ulimi na pia ni lugha. Luka aliyaunganisha moto na maneno kwa neno hilo moja, lakini sisi tumeyatenganisha. Kisha linganisha vitenzi: katika Matendo mitume "wakaanza kusema", ilhali katika Wakorintho mtu ni "anenaye". Hapo pia kitenzi cha Kigiriki ni kilekile. Watafsiri walipochagua "kunena", neno ambalo hapa Dar es Salaam hulisikii sokoni wala kwenye daladala, walilipa tendo la Korintho hadhi ya pekee, na kanisa likalichukua kuwa jina la karama. Matokeo yake ni kwamba tunasoma Pentekoste kwa jina tulilolitoa Korintho, na ni rahisi kusahau kwamba tumevuka kutoka kitabu kimoja kwenda kingine.

Sasa niijibu nyumba ya shemeji, na hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hoja yake hurudiwa sana kuliko inavyostahili. Ni kweli kwamba hekalu la Delphi, ambako kuhani wa kike aliyeitwa Pythia alitoa ujumbe wa mungu Apollo, liko ng'ambo ya ghuba kutoka Korintho, na kwamba Wakorintho wengi walikuwa wameabudu miungu kabla ya kuamini. Paulo mwenyewe anawakumbusha hilo. Lakini Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyekuwa kuhani palepale Delphi mwishoni mwa karne ya kwanza, aliandika kitabu kizima akijadili kwa nini Pythia ameacha kutoa majibu kwa mashairi na sasa anatumia maneno ya kawaida. Mjadala huo usingekuwa na maana kama mama huyo angekuwa anatoa sauti zisizoeleweka. Majibu yake yalikuwa ya mafumbo, lakini yalikuwa Kigiriki. Kwa maoni yangu mlango wa Kiyahudi unastahili kubishwa kwanza: katika maandishi ya kale yaitwayo Agano la Ayubu, ambayo hayamo katika Biblia, mabinti wa Ayubu wanaimba kwa lugha za malaika, na Paulo naye anataja "lugha za wanadamu na za malaika". Tarehe ya Agano hilo inabishaniwa, hivyo siwezi kusema nani alimtangulia nani.

Mzee wa usharika anakosea mwaka, lakini kuna ukweli katika anachokisema. Irenaeus, askofu wa Lyon, aliandika yapata mwaka 180 juu ya ndugu waliosema lugha za namna zote kwa Roho. Miaka mia mbili hivi baadaye, Yohana Krisostomo, akihubiri Antiokia juu ya Wakorintho, alikiri kwamba sehemu ile ni ngumu kueleweka kwa sababu mambo yale hayatokei tena, na Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, naye aliyahesabu kuwa ishara ya wakati ule wa mitume. Hapo ndipo neno la binti yako, "hakujawahi kukoma", linapopata shida. Karama hiyo iliibuka tena hapa na pale, kwa mfano London mwaka 1831 katika kanisa la Edward Irving, mchungaji wa Kipresbiteri kutoka Uskoti.

Kilichozaliwa Marekani ni fundisho kwamba kunena ndiyo ishara ya lazima ya ubatizo wa Roho Mtakatifu. Hilo lilijengwa na Charles Parham katika shule yake ya Biblia mjini Topeka, jimbo la Kansas, ambako mwanafunzi wake Agnes Ozman alinena siku ya mwaka mpya wa 1901. William Seymour, Mmarekani mweusi aliyezaliwa na wazazi waliokuwa watumwa, alilisikia huko Houston akiwa ameketi nje ya darasa la Parham kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na mwaka 1906 akaongoza uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, ulioupeleka ujumbe huo duniani. Huo ndio mwaka wa mzee wako.

SWALI: Je, wanaonena leo huwa wanasema lugha halisi ya watu fulani? Mwanafunzi, Mabibo.

JIBU: Parham aliamini hivyo kabisa, hata akafundisha kwamba wamisionari hawatahitaji tena kujifunza lugha. Mhubiri Alfred Garr aliondoka Azusa kwenda India akitumaini kuhubiri kwa Kibengali, na alipofika Calcutta mwanzoni mwa mwaka 1907 alikuta hawezi. Hakuiacha imani yake. Aliacha tu kudhani kwamba kunena ni chombo cha kuhubiria mataifa, na Wapentekoste wengi wakamfuata katika hilo.

Mwaka 1972 mwanaisimu William Samarin, aliyekuwa pia mtaalamu wa Kisango cha Afrika ya Kati, alichapisha uchunguzi wake wa unenaji wa nchi mbalimbali. Alikuta kwamba silabi hizo zina mapigo na kiimbo kama cha lugha, lakini hazina sarufi inayofunga sauti na maana, na kwamba sauti zake kwa kawaida ni zile ambazo mnenaji anazo tayari katika lugha anazozijua. Niliwahi kuketi kiti cha nyuma katika mkesha huko Manzese, karibu na kijana aliyenena kwa muda mrefu huku amefumba macho. Nilimsikiliza kwa makini: kila silabi yake iliishia kwa irabu, kama Kiswahili. Alipomaliza alifuta jasho, akaniuliza kama nimepata maji ya kunywa.