Babu yangu alikuwa dereva, jamani

Swali lenu la wiki hii linasema: "Je, katika ukoo wako kuna aliyekuwa askari wa mkoloni? Alifanya nini huko, na kimebaki nini?" Kwetu Machame, mlimani Kilimanjaro, yupo, na habari zake huzua ubishi kila Krismasi tukikutana kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishakolea, baba mkubwa anamsimulia babu akiua Wajapani, na Wajapani wenyewe wanazidi kuongezeka mwaka hadi mwaka. Mimi nashikilia kilichoandikwa kwenye cheti chake cha kuachishwa jeshi: dereva, Kikosi cha Ugavi na Usafirishaji cha Afrika Mashariki. Wala sioni aibu. Kwa vita vya Burma, yaani Myanmar ya leo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, dereva ndiye aliyebeba mzigo wenyewe.

Babu aliingia jeshini mwaka 1942. Huku kwetu mzee yeyote wa vita ile huitwa Keya, lakini Keya hasa walikuwa askari wa miguu wa King's African Rifles. Nyuma yao walikuwepo madereva, wapishi, mafundi, wauguzi, watu wa simu na wachimba barabara, maelfu kwa maelfu kutoka Tanganyika. Wapo waliojiandikisha wenyewe, wapo waliopelekwa kwa amri. Babu alisema yeye alikwenda kwa tamaa ya kushika usukani, maana kijana wa mlimani siku zile angelipata wapi gari la kujifunzia?

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, mwaka 1943. Katikati ya 1944 ikaingizwa Burma, mvua zikiwa zimepamba moto, ikapewa bonde la Kabaw: kutoka Tamu kushuka mpaka Kalewa, kwenye mto Chindwin. Bonde hilo lilisifika kwa malaria. Kila siku walimezeshwa vidonge vya mepakrini, vichungu kama nini, na ukivimeza muda mrefu ngozi inageuka njano. Babu alikuwa akicheka kwamba kwa weusi haikuonekana sana, ila maofisa wa Kizungu walikuwa kama ndizi zilizoiva.

Lakini alichokizungumza kuliko vyote ni tope. Alikuwa akitueleza huku mikono yake ikizungusha usukani usiokuwepo. Lori likizama mpaka ekseli, injini haizimwi. Utingo anaruka chini na panga, magogo yanakatwa na kulazwa kukingama njia, minyororo inafungwa kwenye tairi za nyuma. Halafu gia ya kwanza, polepole. Ukikanyaga mafuta kwa hasira, tairi linajichimbia kaburi, na nyuma yako umewazibia wenzako wote njia. Mbele huko askari wanangoja risasi na chakula. Pasipopitika kabisa, mizigo iliangushwa kwa ndege, lakini ndege haimrudishi majeruhi aliyelala porini. Hapo ndipo baba mkubwa huwa anabadilisha mazungumzo.

Desemba 1944 wahandisi walitandaza daraja la Bailey, lile la vipande vya chuma vya kuunganishwa, juu ya Chindwin pale Kalewa, likielea juu ya maji, urefu wake karibu mita 350. Wakati huo hakukuwa na daraja la aina hiyo refu kulishinda. Babu alilivuka na lori lililojaa, na anasema hakutazama pembeni hata mara moja.

Alirudi 1946. Mshahara wao ulikuwa chini mno ukilinganisha na wa Mzungu waliyefanya naye kazi, na shamba hakupewa na mtu. Alichorudi nacho ni ule ujuzi. Akaajiriwa kuendesha lori la kahawa, kutoka vyama vya ushirika vya mlimani kwenda kiwanda cha kukobolea pale Moshi mjini. Wakati wa masika, barabara za Machame zikigeuka sabuni, yeye ndiye aliyeitwa kuwanasua wengine. Minyororo aliifunga mwenyewe, hakumwachia utingo. Baba yangu alijifunzia gari kwenye lori hilohilo, akichapwa kofi la kisogoni kila akikanyaga mafuta kwa pupa.

Sasa kuhusu nishani. Ipo Nyota ya Burma, ya shaba, pembe sita, na utepe wa bluu wenye mstari mwekundu katikati. Baba mkubwa anaitoa kama ushahidi kwamba babu alipiga risasi. Haishuhudii hivyo hata kidogo: nyota hiyo walipewa waliotumikia kwenye uwanja ule wa vita, mpishi na dereva wakiwemo, na haikuchongwa hata jina la aliyepewa. Cheti ndicho kinachosema kazi ya mtu.

Cheti ninacho mimi. Nyota anayo baba mkubwa, na tangu nianze ubishi huu hataki hata niipige picha. Kama kuna msomaji wa Kibosho, Marangu au kokote ambaye babu yake alisukuma lori bonde la Kabaw, Desemba apande mlimani aje anisaidie kubisha. Mbege ipo.