Jibu: Askofu aliyekuwa waziri mkuu wa Bulgaria

Ndugu, umeuliza kama ni kweli Bulgaria iliwahi kuongozwa na askofu aliyekuwa pia mwandishi. Ni kweli kabisa. Ni Vasil Drumev, mzaliwa wa Shumen, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu Kliment wa Tarnovo.

Kalamu ilitangulia kanzu. Mwaka 1860, akiwa bado kijana, alitoa hadithi yake ndefu ya kwanza, na mwaka 1872 tamthilia ya Ivanko, muuaji wa Mfalme Asen wa Kwanza. Katikati hapo, 1869, alishiriki kuanzisha, mjini Braila, Romania, chama cha wasomi kilichokuja kuwa Akademia ya Sayansi ya Bulgaria.

Uwaziri mkuu aliushika mara mbili: 1879 hadi 1880, halafu siku chache tu mwaka 1886 baada ya mapinduzi.

Lakini mimi namheshimu zaidi kwa lile la 1893. Serikali ya Stambolov, waziri mkuu wa wakati huo, ilitaka kulegeza sharti la katiba kwamba mrithi wa kiti cha enzi awe Mwothodoksi. Kliment akapanda mimbari Tarnovo, akapinga waziwazi. Akashtakiwa, akapelekwa kifungoni katika monasteri ya Glozhene, milimani.