Kabati imejaa na bado huna cha kuvaa? Maswali yenu ya nguo

Wiki iliyopita niliuliza ni nguo gani ilikula pesa yenu bure, na wee, mlijibu kama watu walikuwa wanangoja kuulizwa. Siwezi jibu zote, hizi ndizo nimechagua.

Kila Jumapili nikitoka kanisani napitia soko la Kibuye nikitafuta kitu moja tu, natoka na begi mbili. Ni za hamsini hamsini, mia mia, lakini nikiangalia vizuri nusu sijawahi vaa. Nifanyeje? (Mama wa Manyatta, Kisumu)

Mama, shida yako ni hiyo hamsini. Mtu akiambiwa elfu mbili anageuza nguo, ananusa, anaenda anarudi, anauliza hata mwenye amesimama kando, lakini ya hamsini anaokota tu akitembea. Zikifika sita hiyo ni mia tatu, na kwa mia tatu ungechukua moja ya kamera, zile za kwanza zinachaguliwa belo ya mtumba ikifunguliwa asubuhi, badala ya kuokota fagia, yale mabaki, jioni wakati muuzaji anataka tu kwenda nyumbani. Mi ningechukua hiyo moja.

Lakini kabla urudi soko, leo jioni toa hizo zote hujawahi vaa umwage kitandani, halafu usizipange kwa rangi, zipange kwa sababu yenye hukuivaa. Utashangaa sababu ni mbili ama tatu tu zinajirudia. Wengi ni hii: blauzi nzuri lakini inataka sketi yenye huna, ama gauni inaonyesha mwili mpaka uvae shimizi ndani, na shimizi hujanunua mpaka leo. Wengine ni sweta na makoti. Hizo belo nyingi zinatoka nchi za baridi kali, kwa hivyo makoti huwa mazuri ajabu, na Kisumu huwa bei ya kutupa kwa sababu muuzaji mwenyewe anajua hapa kwa ziwa hakuna mtu wa kuvaa koti la sufu saa nane mchana. Kama husafiri Eldoret ama Timboroa, liache hapo hapo hata kama ni la thelathini.

Hizo sababu ziandike kwa simu, na Jumapili ukiingia Kibuye usome kwanza kile *hutaki*. Orodha ya vitu unataka haisaidii sana, ukishaona rundo unasahau yote. Na ile imekupendeza inua juu kwa jua uangalie kwapa, kola, na katikati ya miguu kama ni suruali, hapo ndio nguo huisha kwanza. Zipu ipandishe ishuke mara kadhaa mbele ya muuzaji, wala usione haya.

Nilinunua dress onlaini, imeandikwa 12 na mi huvaa 12, imefika imekwama kwa mabega. Muuzaji ananiambia mali ikishauzwa hairudishwi. Hiyo ni sawa kweli? (Dada wa Kakamega)

Dada, 12 ya wapi? 12 ya Uingereza ni karibu 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na hata ndani ya nchi moja kila kampuni inakata venye inataka. Ukiambiwa nambari peke yake hujaambiwa kitu. Next time chukua dress yako yenye inakutosha fiti, ilaze kwa meza, pima kutoka kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, halafu urefu. Hivyo vipimo vitatu weka kwa simu na umwambie muuzaji apime yake vile vile na atume picha tepu ikionekana. Akikataa ama aanze kukuambia "itakutosha tu sis", tafuta mwingine.

Kuhusu kurudisha, ile karatasi ya "mali ikiuzwa hairudishwi" watu wanaichukua kama sheria ya nchi na siyo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinasema mnunuzi ana haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na habari za kutosha kuhusu kile ananunua, na kuna sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 pia. Kama dress ilikuja imepasuka ama si ile ulionyeshwa, uko na neno la kusema. Lakini kama ni 12 kweli venye aliandika na wewe ndio haikutoshi, hapo ni kubembeleza, pengine akubadilishie. Na usijaribu ile njia ya kutuma meseji ya M-Pesa kwa 456 pesa irudi, hiyo ni ya mtu alikosea nambari, si ya mtu alikosea nguo. Ndio maana mi husema lipa ikifika kama boda anaweza ngoja uijaribu.

Mwaka huu peke yake nimeshonesha sare ya kitenge za harusi tatu na tisheti za matanga mbili, na Desemba kuna harusi ingine. Nikikataa nitaonekana najitenga na watu. Hizi nguo navaa siku moja tu. (Shemeji wa Bungoma)

Shemeji, umeongea kwa niaba ya nusu ya western. Kwanza hii usiihesabu kama kununua nguo, ihesabu kama mchango, kwa sababu ndicho iko. Ukiiweka pamoja na pesa ya harambee na ya usafiri utaona mapema kama Desemba unaweza ama huwezi, na kama huwezi mtu wa kuambiwa ni mwenye kamati, sasa, si wiki moja kabla.

Ile ya harusi unaweza iokoa kwa fundi. Watu wanashona gauni refu la mikono ya puto kwa sababu wengine wote wanashona hivyo, halafu linalala. Wewe mwambie fundi akukatie sketi mbali na blauzi mbali, sketi iwe ya kawaida tu, hiyo utavaa na blauzi nyeupe mpaka ichoke. Mwanaume ashone shati la mikono mifupi. Na mwambie fundi aache inchi moja ya kitambaa ndani kwa mshono, ukinenepa inafunguliwa. Mafundi wengine hukata yote kabisa, usipomwambia hawezi kumbuka.

Kitambaa nacho uliza kabla kamati ichague, kwa sababu vitenge vingi sokoni saa hii ni polista, vinang'aa lakini kwa jua la Busia utaiva ndani. Vuta uzi mmoja uchome na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kubaki jivu laini, polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. (Na kusema kweli Kisumu tulikuwa na kiwanda chetu cha pamba, KICOMI, ikafa, saa hii tunachoma nyuzi za watu wengine na kiberiti sokoni. Tuache hiyo.)

Ya matanga ndio ngumu. Tisheti iko na picha ya marehemu na tarehe zake, sokoni huwezi enda nayo, kupanguza meza huwezi, kutupa ndio kabisa hakuna mtu anathubutu, kwa hivyo kila nyumba iko na rundo la marehemu kwa kabati. Mi nimeona familia zikiamua rangi tu, kila mtu avae nyeupe yake na utepe kifuani, na hakuna aliyesema hawakuheshimu mzee. Lakini hilo neno liletwe na mtu wa ile familia kwa mkutano, shemeji ukilileta wewe utaitwa mchoyo mpaka uzeeke.

Raba za mtumba zilikuwa safi kabisa, kama mpya, wiki ya pili soli ikavunjika ikawa unga. Nilipigwa? (Kijana wa Kondele)

Hapana, ni soli yenyewe. Hizo za povu laini zikikaa store miaka na unyevu zinaoza kutoka ndani hata bila kuvaliwa, ndio maana zile zinaonekana mpya sana saa zingine ndio mbaya. Bonyeza soli na kidole gumba kwa nguvu na ukunje kiatu. Ukiona nyufa ndogo, ama inanata, ama inaacha unga, rudisha chini.

Nimemaliza Egerton, nimeitwa interview Kisumu, nataka kununua suti. Bajeti ni ndogo. (Njoro)

Pole pole kijana. Suti ya bei ndogo huwa ya polista yenye kung'aa, Njoro asubuhi ni sawa, Kisumu utaingia kwa interview umelowa. Nunua suruali ya kijivu cheusi na shati mbili, koti omba mtu. Ukilazimika kununua koti angalia mabega tu. Kiuno na mikono fundi wa Nakuru atapunguza, bega likizidi hakuna fundi wa bei yako atalirudisha.

Na hizi za makosa ziko tayari kwa nyumba nifanyie nini? (wengi sana)

Kama ni ya kurekebisha, peleka kwa fundi mwezi huu, akiitisha pesa kushinda bei ya nguo mwachie alale nayo. Zenye ziko sawa lakini si zako, beba mkienda chama mbadilishane, nimeona watu wakitoka hapo na vitu vizuri bila kutoa shilingi. Na zile suruali za "nikipungua" mpe mtu amepungua tayari. Ukipungua kweli, Kibuye iko kila Jumapili.